Koki ya Ghorofa ya Tatu

Kwa miaka sita nilikuwa mwenyekiti wa jengo letu la ghorofa tatu, nyumba kumi na mbili. Kila mtu anamiliki nyumba yake. Ngazi, paa na tangi ni vya wote, maana yake si vya mtu. Ghorofa ya tatu ilikaa miezi minane bila maji. Tulifanya vikao kumi na tisa. Katika kumi na moja tulibishania nani aandike kumbukumbu, kwa sababu katibu ni shemeji yangu na tulikuwa hatusalimiani.

Ndipo ikaja barua ya baraza la mji: jengo lililoshindwa kujiendesha litapewa msimamizi wa kitaalamu, tupende tusipende. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Msimamizi mwenyewe alikuwa dada mmoja mfupi, mpole, amevaa raba. Aliomba ufunguo wa paa. Nikamweleza kuwa utaratibu ni kuiandikia kamati. Akauliza kamati ni nani. Nikasema, kwa sasa, ni mimi. Akaandika ombi palepale, faili likiwa juu ya goti, akanikabidhi. Nililisoma kwa makini, nikalipitisha.

Tukapanda pamoja, shemeji nyuma yetu. Hazikupita dakika kumi msimamizi akaikuta, pale kwenye tangi, koki ya ghorofa ya tatu imefungwa. Akaizungusha, na chini tukasikia mtu anapiga vigelegele.

"Nani aliifunga?" aliuliza.

Nilifungua mdomo niwataje watu wa ghorofa ya pili, maana ndio niliowashuku siku zote kwa kila jambo. Mara nikakumbuka siku niliyopanda kuosha tangi, huku nikijipiga picha za uongozi bora. Nilifunga koki tatu. Nilifungua mbili.

"Mimi," nikasema.

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta.

Mama mmoja wa ghorofa ya tatu hakucheka habari ilipomfikia. Ndiye niliyemwambia, mbele ya watu, kwamba mabomba yake ni mabovu. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanionyesha madumu sita yaliyojaa kwenye korido.

"Haya nimeyapandisha asubuhi kwa mgongo wangu," alisema. "Chukua, ukaoshe ngazi."

Niliziosha kuanzia juu hadi chini, suruali nimeikunja, magoti yananiuma. Majirani walipita mmoja mmoja, na kila mmoja alinisalimu kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata kwenye kiti.