Gramu Mia za Wali

Pii!

Umeme ulikuwa umekatika kabla ya chakula cha jioni, nyumba giza totoro. Fundi cherehani alikuwa chumbani, lakini mlio ule aliujua: mizani yake ya jikoni, ile ya betri.

"Nani huyo?"

"Mimi," akajibu mumewe, fundi rangi.

"Unaiba wali?"

"Gramu hamsini tu. Nimezipima. Utanikata kwenye za kesho."

Mwizi wa namna hiyo utamfokea vipi?

Mumewe hupaka rangi maghorofa, akining'inia kwenye kamba isiyobeba mtu wa zaidi ya kilo mia. Alipofika mia na nne, msimamizi alimshusha. Basi mkewe, mtu wa kukata kitambaa bila kukosea hata upana wa uzi, akanunua mizani, akasoma kalori kwenye mfuko wa mchele, akaanza kupakua: gramu mia, pii, basi. Kilo zikaporomoka. Leo msimamizi kampima, karidhika, kisha kaitazama miguu yake. "Uzito safi, bwana. Lakini anayetetemeka simpandishi. Kesho ukija hivi, utabaki chini kukoroga rangi moja kwa moja."

"Sijakupunja hata punje," mkewe akasema, akipapasa kuja jikoni. "Nakupa kalori zilezile walizoandika."

"Najua. Ila tumbo langu halijasoma."

Binti yao wa darasa la tatu akaja na tochi, akaumulika mfuko, akasoma huku kidole kikifuata maneno: "Gramu mia za mchele mkavu, kabla ya kupikwa."

Fundi cherehani akauangalia wali sufuriani, laini, umevimba kwa maji. Siku zote hizo alikuwa akipima maji na kuyahesabu kuwa chakula.

"Kumbe nilikuwa nakula theluthi," mumewe akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.

"Na maji," mkewe akasema. "Maji sikukunyima."

Akapakua upya: mia, mia mbili, mia tatu. Sahani ikatuna.

"Nisamehe, mume wangu. Kula, kesho upande."

Mumewe akashika kijiko, macho kwenye mizani, akingoja ilie.

Binti akaisogezea tochi.

"Baba, mizani imejizima, kula."