Lebo ya Nne

Saa tatu kasoro asubuhi, fundi kola alikuwa akikata uzi kwa meno wakati mimba yake ya wiki tano ilipofikisha miezi minne. Alilegeza kamba ya sketi, akaendelea na kola. Katika ukumbi ule wa cherehani sitini kila mtu aliitwa kwa kipande anachoshona, na fundi mikono, aliyekaa kushoto kwake, alilitazama tumbo mara moja tu.

"Ni huu muziki," alisema.

"Najua."

Muziki ulikuwa umeanza jana yake. Kiwanda kilinunua programu inayotunga nyimbo yenyewe, bila mwimbaji wala mpiga ngoma: unaichagulia lebo, yaani maneno ya kuielekeza, nayo inaokota sauti zenye lebo hizo na kuziunga kutwa nzima. Meneja aliweka tatu: furaha, bila maneno, haraka. Furaha haikuonekana sana. Haraka ilishika. Chai ilipoa kabla ya kufika mdomoni, na kucha zilizokatwa Jumatano zilikuwa zinanasa kwenye vitambaa Alhamisi. Nje ya lango siku zilikwenda mwendo wao wa zamani.

Karani wa wafanyakazi hakuwa mtu mbaya. Alihesabu kwenye kalenda ya ukutani, akarudia kuhesabu.

"Dada, likizo ya uzazi inaombwa miezi mitatu kabla. Wewe mimba yenyewe haina miezi miwili." Tumbo lilikuwa limeshagusa meza yake. "Lakini hongera."

Alijifungua Jumatatu, wakati wa mapumziko ya chai. Mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Nyumbani hakukuwa na wa kumwachia: mumewe alikuwa kwenye mkataba wa mwaka, kazi ya mbali, na jirani pekee aliyemwamini alishona vifungo ukumbi huohuo. Kila alfajiri alifikiria kuacha kazi, na kila alfajiri aliikumbuka kodi ya chumba. Basi akamlaza mtoto ndani ya boksi la vitambaa chini ya cherehani. Jumamosi jioni mtoto alikuwa na meno manane. Jumapili, nyumbani, alikua siku moja tu kama watoto wa watu, na mama yake hakumweka chini; hata kupika alipika naye mgongoni. Aliiogopa Jumatatu.

Wiki ya pili mtoto alitembea. Alishika mkanda wa cherehani ya fundi mikono, akaponea chupuchupu. Msimamizi wa ukumbi hakupaza sauti.

"Nikimwona tena amesimama, lango mnalijua, wewe na yeye."

Aliyeendesha programu alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, katika chumba cha juu chenye kioo. Fundi kola alipanda ngazi na mtoto mgongoni.

"Wifi, itoe hiyo haraka. Mwanangu anaisha."

"Haitoki. Ina nywila ya meneja."

"Basi weka polepole."

Wifi aliandika lebo ya polepole. Programu ilijibu kwamba lebo hizo mbili zinapingana. Ilibaki nafasi moja, ya nne, nao wakaikodolea macho huku mtoto akivuta waya wa spika.

"Huyu ni damu ya kaka yangu," wifi alisema. "Sitaki mfukuzwe." Akaandika: kubembeleza. Programu ikakubali.

Mtoto alilala kabla hawajamaliza ngazi. Mafundi hawakulala, mtu mzima mwenye msimamizi nyuma yake halali kwa wimbo. Ila mikono yao ilitulia, mishono ikanyooka, na meneja alipoona mashati hayarudishwi tena kurekebishwa, alizifunga lebo zote nne kwa nywila.

Fundi kola alishukuru siku mbili. Jioni ya tatu alimwita mtoto, akamwita tena, akampaka maji usoni. Usingizi wa miezi haukatwi na jioni moja. Mtoto alimeza uji akiwa amelala, na nywele zake zilisukwa akiwa amelala. Baba yake alipiga simu kuuliza kama ameshaota jino.

"Ameota," fundi kola alisema. Siku hiyo alikuwa ameokota mawili yaliyodondoka.

Boksi likawa dogo. Mgongo ukashindwa. Ikabidi wifi awe anashuka kumsaidia, huyu mabega, yule miguu, mpaka kituo cha basi.

"Nisamehe, wifi."

"Ulitaka kutusaidia."

"Nimemwomba tena meneja. Amesema tusubiri oda iishe, miezi miwili tu."

"Miwili ya kwake au ya kwetu?" fundi kola aliuliza, na wifi akaishika upya miguu ya mtoto. Walikuwa bado mbali na kituo.

Mwezi wa nne wa muziki huo oda iliisha. Meneja alifuta kubembeleza, akaweka ushindi. Haraka ilibaki. Saa nne na robo miguu iliyotokeza chini ya cherehani ilijikunja, na msichana wa miaka kumi na saba akatoka, amevaa gauni la mama yake, akapiga miayo. Maneno alikuwa nayo. Aliyasikia yote kule chini. Mama yake, kichwa kimejaa mvi, alikuwa amemwekea wimbo wa kuhesabu vidole, mchezo wa kujificha na hadithi tatu za sungura. Alimtazama alivyo mrefu, akaona haya kuvitaja.

Msimamizi alisogeza kiti kwenye cherehani ya fundi mifuko, aliyestaafu kwa uzee Jumanne. Karani, ambaye kwa hesabu yake binti alikuwa na miezi minne, alimpima kwa macho akaandika miaka kumi na minane. Binti aliketi. Kulia na kushoto mafundi walikuwa wameshajaza vikapu vyao.

"Nimechelewa?" alimuuliza mama yake.

Fundi kola alilia kwa uchungu, ila kidogo, kwa kuwa zamu ilikuwa inaendelea.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Umewahi." Kisha akainama, akamtilia uzi kwenye sindano.