Mtihani wa Mdomo wa Wangare

Kihara nilimfundisha mimi. Somo la miundo ya data na algorithimu alilisomea kwangu, akapata A, nikampigania hadi akapewa kazi ya kunisaidia: mimi nafundisha, yeye anasimamia maabara na kutunza rekodi za alama. Nilimwamini kuliko nilivyomwamini mkuu wa idara, na kosa hilo ni langu, simsingizii mtu.

Mwanzoni mwa 2008, chuo chetu cha hapa Nakuru kilipofunguliwa baada ya zile fujo za uchaguzi, Wangare wa mwaka wa nne hakutokea kwenye mtihani. Nyumba yao huko Molo ilikuwa imechomwa, naye yuko kambini kwenye uwanja wa maonyesho akimuuguza mama yake. Bila somo langu hangehitimu Julai. Sheria iliruhusu mtihani wa mdomo, mradi watahini wawe wawili na wote watie sahihi.

Mimi naitwa Jerop. Siku zile jina la Kikalenjin kama hilo hukulitaja kwa sauti kwenye lango la kambi ile ya Wakikuyu waliofukuzwa makwao. Kihara, ambaye ni mwenzao, alitangulia, akawaambia vijana waliokuwa wakilinda, "Huyu ni madam wetu, wacheni apite." Nilimshukuru nusura nilie.

Wangare hakuwa hata na daftari, kwa hivyo alichora mti wa data, ule wa kupanga namba, kwenye vumbi kwa kijiti. Nilimpa namba moja moja, akaziweka: ndogo kushoto, kubwa kulia. Swali gumu akaliuliza Kihara: ukiitoa arobaini iliyo juu kabisa, ni gani inachukua nafasi yake?

"Ile kubwa zaidi ya upande wa kushoto, sir. Thelathini."

Tukampa sabini na mbili. Tukatia sahihi karatasi moja, nakala hatukuwa nayo, Kihara akaikunja akaitia mfukoni.

"Usiwe na wasi, madam. Hii nitai-file leo leo."

Mwezi wa tano tukakaa kikao cha kupitisha matokeo. Mkuu wa idara aliuliza alama za Wangare zimetoka wapi, maana amesikia kuna mwalimu anagawa alama kambini. Sikushtuka. Nilimgeukia Kihara nikitabasamu, nikingoja aitoe ile karatasi.

"Mimi sijui oral yoyote," alisema, macho mezani. "Kama madam alienda, alienda peke yake."

Nilipiga meza, nikamwita mwongo mbele ya watu kumi na mmoja, na nikajiharibia zaidi, kwa sababu walichokiona ni mama mwenye hatia anapiga kelele. Alama zikafutwa. Somo nikanyang'anywa papo hapo.

Nilimkuta Kihara kwenye ngazi, nikamuuliza nimemkosea nini.

"Hujanikosea, madam. Hiyo course watu wa idara walikuwa wameniahidi, pamoja na kazi permanent. Wewe tayari uko na yako."

Alisema kwa upole, vile vile alivyozoea kuniuliza maswali alipokuwa mwanafunzi. Nilitamani anitukane. Tusi ningelijibu.

Sikutaka Wangare aisome habari hiyo kwenye ubao wa matangazo, kwa hivyo nilimfuata kambini mwenyewe. Alikuwa anafua. Nilimweleza yote, pamoja na maneno ya Kihara, bila kuyapunguza makali.

"Kwa hivyo narudia?"

"Unarudia. Kuanzia Septemba."

"Na wewe?"

"Si mimi tena. Atakufundisha Kihara."

Aliacha kufua. Nilianza kumbembeleza avumilie, ni muhula mmoja tu, akae nyuma ya darasa na asimwangalie usoni. Aliniacha nimalize.

"Madam, wenye walichoma kwetu tunawajua. Ni majirani," alisema. "Na wao pia ukiwauliza wanasema hawakuwa huko."