Kura ya Kinyume

Kibarazani kulikuwa na sheria moja iliyoheshimiwa kweli: hatuulizani. Usimuulize mtu jina, kazi, wala anakoishi. Mengine yaliruhusiwa. Watu waliitana vichwa maji leo, kesho wakapatana. Lakini aliyethubutu kuandika "kwani wewe unakaa wapi?" alitolewa nje na Bawabu kabla ya kujibiwa.

Kibaraza hicho hakikuwa na ukuta wala mkeka. Kilikuwa jukwaa la mtandaoni, na Bawabu alikuwa msimamizi wake. Tulikutana humo watu tusiojuana, tukabishana kuhusu siasa na uhuru wa mtu: serikali iishie wapi, na mimi nianzie wapi. Mimi nilijiita Mtondogoo. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya siasa, na niliamini kwamba mambo mazuri yasipokuja kesho, wala keshokutwa, wala mtondo, yatakuja mtondogoo. Bado naamini, ingawa siku hizi nasema kwa sauti ya chini.

Mpinzani wangu mkubwa alijiita Kinyume. Watu wote wakisema ndiyo, yeye alisema hapana, na wakihamia kwake alihama. Wakati huo serikali ilikuwa imeleta mswada wa kumtaka kila anayeandika mtandaoni ajiandikishe kwa jina lake halisi. Kibaraza kizima kiliupinga. Kwa hiyo Kinyume aliuunga mkono.

"Mtu asiyetaka kutaja jina lake anaogopa nini?" aliniandikia.

"Anaogopa anayeuliza," nikamjibu.

"Jibu la mtoto aliyekula sukari."

"Basi wewe mpenda majina, anza kutaja lako."

"Nawasubiri wakubwa watangulie. Mimi nimelelewa."

Nilimpenda kama unavyompenda mjomba anayeharibu kila kikao cha ukoo, lakini asipokuja unaona kikao hakina chumvi.

Mchana nilifanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno. Dada yangu, ambaye nilikuwa nakaa kwake, hakuchoka kulitania jambo hilo. "Mdogo wangu kasomea midomo iliyofungwa," aliwaambia jirani zake, "kaajiriwa na midomo iliyo wazi." Nilipokea wagonjwa, nilipanga zamu zao, na nilizungumza kwa simu na fundi wa meno bandia. Fundi huyo hakuwahi kufika kwetu. Daktari alipima mataya ya watu kwa ute laini unaoganda, vipimo vikapelekwa kwa fundi, na meno yakarudi yamefungwa kwenye pamba. Ukimhimiza, alijibu vilevile kila mara: "Haraka ya mkono, kilio cha fizi." Kisha akakata simu.

Siku moja Kinyume aliandika kibarazani: "Ukimpima mtu taya huku amelikaza, utamtengenezea meno ya mtu mwingine. Ndivyo ilivyo na sheria inayotungwa wakati watu wana hofu." Muda mfupi baadaye maneno hayo yakafutwa. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuyasoma, na wiki ileile fundi alikuwa ameniambia kwenye simu, kwa hasira, nimwambie daktari aache kuwapima watu waliokaza taya.

Sikumwambia mtu. Sheria ni sheria. Ila tangu siku hiyo, kila nilipompigia fundi, nilikaa wima kwenye kiti.

Kisha likaja andiko lake la mwisho. "Kuna watu wawili wamekaa ngazini kwangu tangu asubuhi. Hawaulizi kitu, hawaondoki. Ngoja niwape salamu." Baada ya hapo, kimya. Siku ya kwanza watu walitania kwamba hatimaye Kinyume amepata wageni wa kubishana nao. Siku zilizofuata hakuna aliyetania. Kliniki nako simu ya fundi ikaita bila kupokelewa, na mama mmoja aliyekuwa akisubiri taya lake la juu la bandia akaanza kuja kila asubuhi, leso mdomoni.

"Mwanangu, nimechoka kula kama kifaranga," aliniambia. "Huyo fundi kafa au kaoa?"

Hapo ndipo nilipokosea. Niliandika kibarazani: "Nina wasiwasi na Kinyume. Nadhani najua anafanya kazi gani. Nitajaribu kumtafuta."

Nilidhani watasema asante.

Wa kwanza kujibu alikuwa mtu aliyejiita Kucha. "Umejuaje kazi yake?"

"Tangu lini Mtondogoo anatafuta watu?" akauliza mwingine.

"Angalieni tarehe. Alijiunga lini, na mswada ulikuja lini."

Nilieleza, na kila nililoeleza liligeuka ushahidi. Nilipoandika kwa upole, wakasema wapelelezi hufundishwa upole. Niliponyamaza, wakasema nimekwenda kutoa taarifa. Hata andiko langu la zamani, la kusema kila mtu ana haki ya kukosea, lilichimbuliwa na kuwekwa juani. Nilikaa sebuleni kwa dada nikiitazama simu, nikahisi kama mtu aliyeingia kwenye chumba cha ndugu zake akakuta wamenyamaza ghafla.

Kesho yake daktari alinituma. "Nenda kwa huyo fundi mwenyewe," alisema, akivua glavu. "Kama yupo, niletee taya la mama. Kama hayupo, niletee kipimo. Sitaki kumpima tena, ataning'ata kwa fizi."

Karakana ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mapazia. Ngazini hapakuwa na mtu, ila palikuwa na vipisi vya sigara vimerundikana kwenye ngazi moja, kama mtu alikaa hapo akisubiri bila kuona aibu. Niligonga mlango. Nikagonga tena, nikasema natoka kliniki. Mlango ukafunguliwa kiasi cha jicho.

"Kliniki ipi?"

Nikaitaja.

"Nani yuko chini?"

"Sijaona mtu."

"Kutoona ni jambo moja," akasema, "kutokuwepo ni jambo jingine." Akanifungulia.

Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, mwenye unga wa plasta mpaka kwenye nyusi. Rafu zilijaa mataya ya plasta, ya juu na ya chini, yote yamefunguka kidogo kama umati ulioambiwa usubiri. Harufu ilikuwa ya nta iliyoyeyushwa. Mezani palikuwa na simu, imefunikwa kwa bakuli la kukorogea plasta, na juu ya bakuli limewekwa jiwe.

Aliona ninavyoitazama. Akafungua bomba la maji likatiririka kwa kelele, ndipo akaongea.

"Waliichukua kuikagua, wakairudisha. Sasa sijui ni yangu au yao."

"Walitaka nini?"

"Walikuwa na majina ya watu wa jukwaa fulani. Wakaniuliza, wewe ni yupi kati ya hawa? Nikawaambia mimi mambo ya mtandao siyajui, mimi natengeneza meno." Akanitazama. "Na wewe mambo hayo huyajui. Wewe umefuata taya."

"Nimefuata taya," nikasema.

Akaanza kulifunga taya la mama kwenye pamba. Mikono yake ilikuwa imetulia, lakini aliifunga pamba, akaifungua, akaifunga upya. Nilijua nikiondoka pale bila kusema, sitapata nafasi nyingine. Na nilijua nikisema, ataniona kama walivyoniona wenzake.

"Fundi, nina swali la mtu mwingine," nikasema. "Kuna mtu kanyamaza jukwaani tangu siku ileile simu yako ilipochukuliwa. Akiendelea kunyamaza, wenye akili watajumlisha."

Mikono ikasimama. Maji yakaendelea kutiririka.

"Nani kakutuma?"

"Daktari."

"Hilo swali silo la daktari."

"La kwangu."

Alijifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja, macho kwangu. Kisha akauliza, kama anayeuliza bei ya kitambaa: "Mtu asiyetaka kutaja jina lake anaogopa nini?"

"Anaogopa anayeuliza."

"Jibu la mtoto aliyekula sukari," akasema, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza. Akavuta kigoda akakaa. "Nilidhani u mwanamume. Mwenye ndevu."

"Mimi nilidhani utakuwa mnene."

Tulicheka kidogo, tukaacha, kwa sababu mbao za ngazi zililia. Tukasikiliza. Alikuwa mtu wa duka la mapazia, akapita.

Mpango ulikuwa wa kwangu, na ubaya wake niliuona baadaye. Kinyume aendelee kuandika wakati fundi amekaa karakanani na simu yake iko chini ya bakuli. Anayemtazama fundi aone kwamba si yeye. Nitaandika mimi, kwenye duka la mtandao, penye kompyuta za kukodi, nikitoka kazini. Alichotakiwa kunipa ni neno lake la siri la kuingilia jukwaani tu.

Aliichambua ile pamba mpaka nikaona haya. Kumwomba mtu kama yule neno la siri ni kumwomba mdomo wake mzima.

"Unalijua," akasema mwishowe. "Haraka ya mkono, kilio cha fizi. Yote pamoja, bila nafasi."

"Fundi, neno lako la siri unalitangazia mji mzima?"

"Ndiyo maana hakuna anayelishuku."

Jioni hiyo nikawa Kinyume. Niliandika kwamba nilikuwa na homa, na kwamba wale wawili wa ngazini walikuwa wauza bima. Kisha nikautetea mswada. Nilidhani itakuwa kazi ngumu, kuandika nisiyoyaamini, lakini vidole vilikwenda. Niliandika habari za mwanamke aliyetukanwa na watu wasio na majina mpaka akaogopa kutoka nje, nikauliza uhuru wake yeye tumeuweka wapi. Nikajisoma mara mbili, kama ninayesoma andiko la mtu aliyenishinda. Niliporudi nyumbani nilikuwa kimya, na dada akaniuliza kama nimeng'olewa jino.

Kibaraza kilimpokea Kinyume kwa shangwe. Lakini Mtondogoo hakusamehewa. Kucha aliandika kwamba kurudi kwa Kinyume hakubadilishi kitu: aliyesema "nitamtafuta" bado yumo ndani. Bawabu akaitisha kura ya kumtoa. Wengi wakasema atoke. Wachache wakasita, wakasema, tumsikie Kinyume mwenyewe, ndiye aliyetafutwa.

Kwa hiyo nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta nikiwa na kura ya mtu mwingine mkononi, juu ya shingo yangu. Ilikuwa rahisi sana. Kinyume huwapinga wengi siku zote. Wengi wanasema atoke, Kinyume atasema abaki. Hakuna ambaye angeshangaa. Nikaandika: "Abaki." Nikalitazama neno hilo. Sikujua ni lake au ni langu nimelivalisha koti lake. Nikalifuta, nikaondoka.

Kesho yake nikabuni shida. Nikamwambia daktari taya la mama linabana, jambo ambalo, Mungu anisamehe, mama mwenyewe hakuwa amelilalamikia. Nikapanda zile ngazi na taya lenyewe mkononi, limefungwa pamba. Safari hii vipisi vya sigara vilikuwa vipya.

Fundi alifungua maji kabla sijaketi.

"Wanataka kumtoa Mtondogoo," nikasema. "Wanasubiri Kinyume aseme."

Alichukua taya la plasta kutoka rafuni, akaligeuza mkononi. "Jana walirudi," akasema. "Walipanda mpaka hapa wakanionyesha kwenye simu yao: Kinyume anaandika, na mimi niko mbele yao na nta vidoleni. Wakaangaliana. Nadhani wameanza kuniacha." Akalipuliza vumbi. "Na humo kibarazani wamo. Lazima wamo. Wameona Mtondogoo alivyosema anaijua kazi ya Kinyume. Wanachotaka kujua sasa ni kama hao wawili wanajuana kweli."

Nilielewa kabla hajamaliza. Nilitamani nisielewe.

"Kinyume akimtetea, wanajuana," nikasema.

"Mimi sijasema kitu, binti yangu. Mimi nalegeza taya." Lakini hakunitazama, na unga wa plasta ukamwagika kidogo kwenye magoti yake. "Ungekuwa na ndevu ingekuwa rahisi kukwambia."

Njia nzima ya kwenda duka la mtandao niligeuka nyuma. Mtu mwenye mwavuli alisimama niliposimama. Kisha akaingia duka la viatu, na sijui mpaka leo kama alikuwa na haja ya viatu. Ndani ya duka la mtandao nilichagua kiti cha pembeni. Nilifikiri juu ya kibaraza, kwamba ndipo mahali pekee ambapo maneno yangu yalisomwa na watu wasionihurumia kwa sababu ni mdogo wa mtu fulani. Kisha nikaandika kwa mdomo wa Kinyume:

"Mnanijua kwa kupinga. Leo sipingi. Mtondogoo atoke. Aliyenitafuta mara moja atanitafuta tena."

Nikabonyeza. Haikuchukua muda, Bawabu akamtoa Mtondogoo, akafunga mlango. Kucha aliandika, "Kumbe hata Kinyume anaweza kukubali," na watu wakacheka.

Nilipofika nyumbani dada alikuwa anachambua mchele. "Mbona umenuna?"

"Nimefukuzwa."

"Kazini?"

"Hapana. Na watu nisiowajua."

Akanitazama, akanisogezea ungo upande wangu. "Basi keti utoe mawe. Hawa unawajua."

Siku nyingine, simu ya kliniki ikalia. Alikuwa fundi. Aliuliza kama daktari yupo, nikasema yuko na mgonjwa. Akasema taya la mama limelegezwa. Kisha, kwa sauti ileile, akauliza: "Hivi, mtu asiyetaka kutaja jina lake anaogopa nini?"

Jibu lilinijia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Lakini nyuma yake sikusikia maji. Bomba lilikuwa limefungwa. Huenda alikuwa ananitania. Huenda alikuwa ananijaribu. Huenda kulikuwa na mtu amesimama karibu naye, ameinamisha sikio.

"Sijui, fundi," nikasema. "Hapa tunashughulika na meno tu."

"Vizuri," akasema, taratibu, kama mtu anayegusa jino jipya kuona kama limekaa.