Laptopu ya Nyota Tano

Ijumaa mhariri alinipa laptopu mpya niijaribu nyumbani, nimwandikie ukurasa mmoja. Kama ukurasa huo ungemridhisha, ningeacha kupiga chapa makala za wenzangu na kuwa mwandishi wa jarida lake la kompyuta. Nyota tano za ubora alishaipa mwenyewe, kwa kuangalia kasi na ukubwa wa kumbukumbu.

"Wewe jazia maneno tu, dada."

Nyumbani nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Roho juu juu. Mwanangu alikuwa anaota meno, halali ila mapajani kwangu. Alipopitiwa na usingizi nikanyoosha mkono, nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Laptopu ikapiga muziki utadhani bi harusi anaingia. Mtoto akashtuka, akalia. Nikambembeleza, nikaizima, nikaifunika kwa mto, nikawasha tena. Akaamka tena.

"Hiyo ni kompyuta au king'ora?" mama mkwe akauliza kutoka jikoni.

"Ina nyota tano, mama."

"Basi ikalale nazo nje."

Nilipekua mipangilio yote. Sauti za vitu vingine zilizimika, muziki wa kuwakia ukagoma. Nikaandika hivyo hivyo, kwa mkono mmoja, herufi moja moja.

Jumatatu mama mkwe alikuwa na miadi ya macho, nikaenda kazini na mtoto mgongoni. Mhariri alisoma akiwa wima, kalamu ikigonga meno.

"Dada, wasomaji wangu wanataka namba. Wewe umeniletea habari za usingizi."

"Wenye watoto je, bosi?"

"Watapunguza sauti. Yameisha."

Mtoto ndiyo kwanza alikuwa amelala. Nikamsogezea laptopu.

"Punguza basi, uwashe."

Akashusha sauti mpaka mwisho, akazima, akawasha. Muziki ukalipuka. Mtoto naye akalipuka. Mhasibu akachungulia mlangoni. Mhariri akabonyeza hiki na kile, akafunga kifuniko. Ukaendelea kuimba humo humo ndani.

"Inanyamazishwa wapi hii?"

"Sijui, bosi. Nimetafuta siku mbili."

Akakaa. Akakata nyota moja, akaitazama karatasi, akaandika pembeni mwa aya yangu ya muziki: ianze hii.

"Wiki ijayo kuna printa," akasema bila kuinua macho.

"Niijaribie hapa?"

"Kwenu. Mtoto akiwepo."

Nikatoka hadi kwenye korido nikimbembeleza mwanangu. Alishalala zamani. Mimi ndiye niliyeendelea kuyumba, mguu huu, mguu ule.