Ugumu wa Kiwandani

Laki saba, kumi na mbili elfu, mia nne na themanini. Hisae Kuwabara angekutajia namba hiyo hata akiwa usingizini, na ungekosea kuirudia angekukaripia. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya mzee Yasuhara kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani ndani ya duka lake la michezo ya mashine, pale mjini Sakai, kichochoro cha tatu nyuma ya soko. Chini yake mwaka 1988, herufi tatu HSE, na muhuri mwekundu wa duka. Hisae aliiweka rekodi hiyo mwenyewe akiwa na miaka ishirini na saba. Miaka ishirini na minane ilikuwa imepita na hakuna aliyeivunja, hata yeye.

Na hilo ndilo lililomchoma. Angeshindwa na mtu mwingine, sawa, mtu humkasirikia mtu yakaisha. Lakini kushindwa na wewe mwenyewe wa zamani, kisichana ambacho hata kuosha sufuria kilikuwa hakijui! Hisae alimchukia yule msichana kwa roho yake yote. Alitaka kumpita mara moja tu, mara moja basi, kabla mkono haujamkatalia kabisa.

Mkono wenyewe ulikuwa umeshaanza kukataa. Miaka ishirini ya kunyanyua masufuria ya supu kwenye jiko la shule si mchezo. Kiangazi kilichopita alipasuliwa kifundo cha mkono wa kulia. Daktari akamwambia aache kucheza, mwanawe akapiga simu kutoka Nagoya kumwambia hivyo hivyo. Wote wawili aliwajibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mwezi wa kumi akarudi dukani na bandeji yake, akatumbukiza sarafu ya yeni hamsini kwenye mashine ya Kereng'ende, akakaa.

Kereng'ende ni kile kindege chekundu cha vita kinachopanda juu kwenye kioo kikipiga risasi na kupigwa. Unapewa vitatu. Vikiisha, umeisha.

Basi tangu alipotoka hospitali jambo la ajabu lilimtokea. Risasi zilikuwa taratibu. Wachezaji wa zamani wote wanalijua hilo: siku ukiwa na siku yako, macho yametulia, risasi huonekana kama zinatembea kwa miguu, unapita katikati yake umestarehe. Ni neema, na haidumu. Kwake ilidumu majuma, ikadumu miezi. Hisae akaamini kwamba mapumziko yamemrudishia macho ya ujana. Akawa anatembea sokoni kidevu juu.

"Shangazi, leo unakufa hatua ya ngapi?" Huyo alikuwa Mukai, dereva wa teksi, jitu la miaka arobaini lenye mdomo usiolala. Alianza kucheza Kereng'ende mwezi huo huo wa kumi na tayari alijiona bingwa. Jumatano hiyo ya mwezi wa tatu, saa tisa na nusu, alikuwa ameketi nyuma ya Hisae akingoja zamu yake, kahawa ya kopo mkononi.

"Nyamaza nicheze."

"Nauliza tu. Mwanangu wa darasa la pili juzi kafika hatua ya tano."

"Mwongo we. Hatua ya tano watu wazima wanalia."

"Haki ya nani! Na alikuwa anakula mkate."

"Basi mwambie mwanao amfundishe baba yake kufunga mdomo!"

Mukai akacheka. Hisae hakucheka. Alipita hatua ya tano meno yamekazana, akapoteza ndege ya kwanza hatua ya sita kwa uzembe, akaupiga ubao wa mashine kofi. Kule kwenye kaunta mzee Yasuhara akakohoa. Ya pili ilikufa mwanzoni mwa hatua ya saba. Kifundo kilikuwa kikiwaka moto sasa, na kila kilipochoma ndivyo hasira ilivyozidi kumpanda, na ndivyo alivyozidi kucheza vizuri. Laki sita na tisini. Laki saba. Mukai alikuwa amesimama, kahawa kaisahau.

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo. "Shangazi, unaiona?"

Aliiona. Laki saba kumi na tatu. Kumi na sita. Kisha risasi moja ya kijinga ikatoka pembeni, Kereng'ende akalipuka, na kioo kikasimama: laki saba, kumi na nane elfu, mia tisa na thelathini.

Hisae aliingiza herufi zake, H, S, E. Halafu akasimama na kugeuka.

"Mzee! Leta kalamu! Leta na muhuri!"

Hapo lazima uelewe kitu kimoja. Mashine ile ni ya kale, haina kumbukumbu. Ukizima umeme, kila alama iliyowekwa inafutika, na Yasuhara huzima kila jioni akifunga. Kwa hiyo rekodi ni karatasi, na karatasi ina masharti yake: jina la mchezo, alama, hatua uliyofia, ndege ulizoanza nazo, na ugumu. Ugumu una ngazi nne. Unapangwa kwa swichi ndogo ndani ya mashine, na ufunguo wa mlango anao mwenye duka peke yake. Rekodi isiyotaja ugumu ni umbea. Kwenye karatasi ya 1988 pameandikwa maneno matatu: ugumu wa kiwandani, yaani kama mashine ilivyotoka kwa watengenezaji, bila kulegezwa.

Mzee Yasuhara alikuja taratibu. Miaka sabini na mbili, sweta lile lile la kila mwaka. Akaweka karatasi mpya juu ya kaunta, akaandika Kereng'ende. Akaandika alama, namba baada ya namba, kwa mwandiko wake mzuri. Hatua ya saba. Ndege tatu. Kalamu ikafika kwenye ugumu, ikasimama.

"Wa kiwandani," Hisae alimsomea.

Kalamu haikusogea.

"Wino umekwisha?"

"Wino upo, Bi Hisae."

"Sasa?"

Masikio yalimwiva mzee. "Nilijua siku hii itakuja," alisema. "Nikajiombea isije."

Lisemwalo lipo. Hisae alikumbuka mtoto wa darasa la pili na mkate wake. Alikumbuka risasi zinazotembea kwa miguu, miezi mitano mizima, neema isiyokwisha. Akaelewa yote kwa mpigo.

"Uliigusa."

"Mwezi wa kumi. Ulipita pale dirishani na ile bandeji, huwezi hata kushika mwavuli. Nikasema akija kucheza atakufa hatua ya kwanza, mkono utamwuma bure, hatarudi tena. Nikaishusha ngazi mbili. Nilikuhurumia."

"Nani kakuomba huruma?"

"Hakuna."

"Nani kakuomba? Nimekuja hapa kuuguzwa? Mimi nimekuwa nikitembea sokoni kichwa juu kama mwendawazimu, najiambia Hisae macho yako yamerudi, kumbe nachezeshwa mchezo wa watoto! Kikulacho ki nguoni mwako! Ungenitukana ningekusamehe, Yasuhara. Ungenifukuza ningekusamehe!"

"Hasira hasara, Bi Hisae, keti kwanza..."

"Usiniambie hasira hasara! Hasara umeshaitia wewe!"

Mukai alijaribu kuingilia. "Shangazi, si mzee anaweza kuandika tu kwamba ilikuwa ngazi ya chini? Rekodi ni rekodi."

Hisae alimtazama, Mukai akarudi nyuma hatua moja. Kisha akamgeukia tena mzee, na safari hii sauti ilikuwa imeshuka, na hiyo ilitisha zaidi.

"Na ile ya 1988? Na ile uliilegeza?"

Mzee Yasuhara aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Ile sikuigusa."

"Nitajuaje?"

Mzee alinyoosha tu kidole, si kwa karatasi ya ukutani bali kwa hii iliyokuwa juu ya kaunta, penye nafasi tupu baada ya neno ugumu. Angeweza kuandika uongo dakika tano zilizopita na hakuna ambaye angejua hadi kiama. Mkono wake ulikuwa umekataa. Hisae aliitazama nafasi ile tupu. Mkono uliokataa leo usingeweza kuandika uongo mwaka 1988. Basi yule msichana alikuwa wa kweli, na alikuwa bado mbele yake, na hilo likamwongezea hasira juu ya hasira.

"Fungua mashine," alisema.

"Nikiifungua lazima nizime umeme. Alama zako zitafutika."

"Zangu zipi? Zima."

"Bi Hisae, hizi laki saba..."

"Zima, nimesema!"

Mzee alizima. Kioo kikawa cheusi, laki saba na kumi na nane zikaenda. Akafungua mlango mdogo, akapiga magoti kwa shida, akaingiza kijiti cha kulia wali kati ya waya na kuzisukuma zile swichi. Hisae aliinama nyuma yake akahesabu kila mlio, maana kuanzia leo asingemwamini hata kwa salamu. Umeme ukarudi. Hisae akakaa, zamu ya Mukai akaipita bila kuuliza, akatumbukiza sarafu.

Mama yangu! Risasi zilikuja kama mchele uliomwagika. Ndege ya kwanza ilikufa kabla hajapumua. Ya pili ilifika hatua ya pili. Ya tatu aliipigania, mkono ukimpiga kelele, machozi ya maumivu yakimtoka bila ruhusa, akaivusha hadi hatua ya tatu ikazama pale pale mlangoni. Arobaini na nane elfu na mia tisa.

Hisae alifuta uso kwa mkono wa sweta.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Arobaini na nane na mia tisa. Hatua ya tatu. Ndege tatu. Ugumu, haya, niambie, ugumu gani?"

"Wa kiwandani," alisema mzee.

"Andika!"

Aliandika, na safari hii kalamu haikusimama. Akapiga muhuri. Hisae akaichukua karatasi, akaibandika mwenyewe chini kabisa ya ile ya 1988. Ilikuwa rekodi ndogo kuliko zote zilizowahi kupanda ukuta ule.

Desturi ya pale ni sarafu moja, kisha unampisha anayengoja. Kiti kilikuwa tupu na zamu ilikuwa ya Mukai. Mukai akaangalia bandeji, akaangalia macho yake mekundu, akakikwepa kiti.

"Endelea tu, shangazi. Mimi nitangoja."

"Na wewe unanihurumia?"

"Hapana! Mimi..."

"Kaa! Zamu yako, kaa uicheze!"

Mukai alikaa. Bingwa wa miezi mitano, baba wa mla mkate. Ndege zake tatu ziliisha kabla hajakaa sawasawa kitini, zote hatua ya kwanza. Elfu kumi na moja na ushee. Alibaki ameshika mpini kama anayengoja kuombwa radhi.

"Imeharibika?" aliuliza.

"Imetengenezwa," alisema Hisae. "Inuka, zamu yangu."