Mwezi Uliofutwa

Mashine ya kusahihisha ilipowasha taa nyekundu, Mahder aliinamia kompyuta na kusoma sababu mara mbili.

"Imekataa Pagume," alisema.

"Imekataaje Pagume?" Wubalem aliuliza. "Leo si Pagume?"

"Unaniuliza mimi? Muulize huyo aliyeileta."

Ukumbi wa chuo kule Adama ulikuwa umefurika timu za sekondari. Mashindano ya kuandika programu za kuhesabu tarehe hufanyika katika siku hizo chache za kuaga mwaka, kwa kuwa shule zimefungwa na vyumba vya chuo vi wazi. Pagume ni mwezi wa kumi na tatu wa kalenda ya huko, siku tano tu, na kila mwaka wa nne sita. Mishahara haiutambui. Watu huuvuka kama mtu avukavyo kizingiti. Lakini wako wanaozaliwa humo, na wako wanaofia humo.

Surafel, kaka yake Wubalem, alifia humo mwaka uliotangulia, sikukuu ya Mtakatifu Rufael, mvua ikinyesha na watoto wa mtaa wakikimbia nje kuoga baraka yake. Vicheko vyao vilisikika hadi chumba cha maiti. Yeye ndiye aliyeianza programu waliyoileta mashindanoni. Alimwona mama yao akihesabu kwa vidole siku za kuwakumbuka marehemu wa mtaani, arobaini ya huyu, mwaka wa yule, akasema mama apumzike, kompyuta itahesabu. Unaiandikia jina na siku ya kifo, nayo inakuambia lini upike na lini uwaite makasisi. Ugonjwa ulimkuta kazi iko nusu. Wubalem, dada yake, na Mahder wakaimalizia.

Jana yake, nyumbani Debre Birhan, majirani walikula chakula cha kumbukumbu ya Surafel, na Wubalem hakuwepo. "Nenda," mama alikuwa amemwambia. "Mimi nitampikia, wewe ukamsemee."

Sasa alisimama mbele ya meza ya waamuzi kumsemea. Mwamuzi mkuu, Injinia Seyoum, alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri.

"Nimeona, mwanangu," alisema kabla hajaulizwa. "Mashine inawapa tarehe za kweli na za uongo, nanyi mnatakiwa kuzikataa za uongo. Mwezi wa kumi na tatu imeuhesabu katika za uongo."

"Na wewe, Injinia, unauhesabu wapi?"

"Usinitege. Mimi mwenyewe nimekunywa kahawa ya Pagume asubuhi hii." Aliwatazama wenzake mezani, nao wakatabasamu. "Lakini mashine imetoka nje na majibu yake. Timu nyingine zote zimepita."

"Zimepita kwa sababu zimechukua kalenda ya wageni, zikaibandika."

"Basi zimetumia akili. Futa huo mwezi, ni mstari mmoja tu. Nitawapima tena kabla mgeni rasmi hajafika. Kazi yenu ni nzuri, msiiponze kwa ukaidi."

"Kaka yangu alikufa Pagume," Wubalem alisema. "Nikifuta, alikufa lini?"

Injinia alishusha macho, akapanga kalamu zake. "Pole sana, mwanangu," alisema. "Hata hivyo, kanuni ni kanuni."

Mwalimu wao, Tilahun, alikuwa amewasindikiza tangu nyumbani. Aliporudi nao kwenye kompyuta alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Hapo ndipo hasira ilipompanda Wubalem. Mgeni akikosea nchi yako, utasema hajui. Hawa walijua. Walikuwa wameukalia mwezi wenyewe kama kiti, huku wakiapa kwamba haupo.

"Tufute," Mahder alinong'ona. "Tushinde, twende kambi ya taifa inayowangoja washindi, halafu tuurudishe."

"Kwa mkono wangu, hapana."

"Ni kaka yako, najua. Lakini na mimi nimekesha juu ya hii kazi, Wube. Nyumbani wananiita bibi kompyuta kwa kunicheka. Nirudi na nini?"

Wubalem aliondoa mikono kwenye kibodi. Alijitoa kwenye kiti. Mahder akakaa, akafuta, na mashine ikawasha kijani. Mwalimu Tilahun akapiga makofi, peke yake.

Mgeni rasmi alifika alasiri, mama mmoja mkubwa wa ofisi ya elimu, mwenye shela nyeupe na sauti ya kuzoea kusikilizwa. Injinia akatangaza kwamba timu ya Debre Birhan inaongoza, akamwomba mama aijaribu kazi yao mwenyewe mbele ya watu. Mama akacheka, akasema hana marehemu mpya, Mungu ashukuriwe, basi ataandika tarehe ya leo tu. Kwenye ukuta mkubwa yakatokea maandishi: Tarehe hiyo haipo.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko.

"Haipo vipi, wanangu?" mama aliuliza. "Mimi niko wapi sasa?"

Injinia alikuwa wa kwanza kukishika kipaza sauti. Alisema ni kosa dogo la vijana, ndiyo kujifunza. Akanong'onezana na wenzake, kisha akatangaza kwamba kwa kosa hilo ushindi utakwenda kwa timu ya pili.

Mahder alisimama. Hakuwa na kipaza sauti, wala hakukihitaji.

"Injinia, ulituamuru tuufute. Sasa waambie na hao waandike tarehe ya leo."

"Kaa chini, binti."

"Waandike, mara moja tu. Ikikubali, nitakaa."

Timu ya pili walitazama vidole vyao. Mama wa ofisi ya elimu alimgeukia Injinia, akamngoja. Injinia akasema muda umekwisha, na kwaya ya chuo ikaanza kuimba. Mama akazitoa zawadi, kwa kuwa zilikuwa zimeshawekwa mbele yake.

Kwaya ikiwa bado inaimba, Mahder alivuta kompyuta mapajani, akaurudisha mwezi wa Pagume mahali pake. Akamsogezea Wubalem. Mwalimu Tilahun akawaambia wakusanye vitu, basi linangoja, kazi imekwisha, hakuna anayewapima tena.

"Linangoja, mwalimu," Wubalem alisema. "Na wewe ngoja kidogo."

Akaandika jina la kaka yake, kisha siku yake.